Safari ya Sanje na Gunia la Mkaa

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili usiku baada ya taarifa ya habari. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuyasikia.)



Zamani mtu wa Dar es Salaam akikuaga kwamba anakwenda porini, ulimwuliza kama amefiwa, au amepata shamba, au anawakimbia wanaomdai. Siku hizi mambo yamegeuka. Ijumaa jioni unawakuta vijana kwa watu wazima wamejipanga kando ya kosta, kila mmoja ana raba mpya miguuni, kibegi mgongoni na chupa ya maji mkononi, na ukiwauliza safari ya wapi wanakujibu bila haya kwamba wanakwenda kutembea. Hawaendi kumtembelea mtu. Wanakwenda kutembea tu. Watapanda mlima, watatazama maji yakianguka, watateremka, na Jumatatu watakuwa kazini wakichechemea na kusimulia.

Mimi siwacheki. Vilabu hivi vya jogingi vilivyozagaa mitaani vimewaondolea watu vitambi na kuwapa marafiki, na wengine vimewaondoa kwenye vilabu vya aina nyingine ambavyo leo sitaki kuvitaja. Daktari akikwambia sukari imepanda na huna budi kutembea, basi heri utembee penye kivuli kuliko kandokando ya Barabara ya Morogoro ukimeza moshi wa malori. Ila kila mahali pana adabu yake. Napenda leo tuzungumzie njia moja tu ya msituni, ile iendayo kwenye maporomoko ya Sanje, kwa sababu nimeipita pamoja na kikundi cha watu wa mjini kama mimi na wewe, nikaona mambo ambayo hayamo kwenye picha tulizopiga.

Sanje ni kijiji kilicho chini ya Milima ya Udzungwa, katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita kama 350. Unaifuata barabara kuu, unaikata Hifadhi ya Mikumi, na ukifika mji wa Mikumi unapinda kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Anayependa reli aweza kupanda treni ya TAZARA, ambayo ina stesheni Mang'ula, mlangoni pa hifadhi. Au tangu mwaka 2024 aweza kupanda treni ya umeme hadi Morogoro na kutafuta basi hapo. Ukishavuka Kidatu mandhari yanagawanyika pande mbili kama kitabu kilichofunuliwa. Kushoto kwako ni mashamba ya miwa, tambarare, kijani kisicho na mwisho. Kulia kwako ni ukuta wa milima uliofunikwa msitu tangu chini hadi juu, na katikati ya ukuta huo, kama hapana ukungu, unauona mstari mweupe mwembamba umening'inia. Huo ndio Sanje. Kwa mbali utadhani ni shuka iliyoanikwa.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, nayo ina tabia moja ambayo hifadhi zetu nyingi kubwa hazina: ndani yake hakuna barabara za gari. Hapa waziri na mwanafunzi wote hutumia miguu. Nadhani ni hifadhi ya haki kuliko zote nchini, maana kule kwingine mwenye gari zuri humwona simba kabla yako. Makao makuu yake yako Mang'ula, na karibu na hapo kuna maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, kwa kuwa ndiye aliyeifungua hifadhi rasmi mwaka ule. Sanje, nashukuru, imeachwa na jina la kijiji chake.

Huruhusiwi kuingia bila mwongozaji, na baada ya dakika ishirini za kupanda utaelewa sababu. Bondeni jua ni kali, lakini msituni lile jua linabaki juu ya majani na wewe unabaki na fukuto. Njia ni nyembamba, mizizi imeikatiza kama kamba zilizosahauliwa na wavuvi, na siafu nao wana njia yao inayoikatiza ya kwako, wala hawana taa za barabarani. Mahali pengine unakuta kinyesi cha tembo. Ndiyo, tembo hupanda milima hii, kwenye miteremko ambayo wewe unaishika kwa mikono miwili. Wakati mwingine huteremka usiku mpaka kwenye mashamba ya watu, na ndiyo maana karibu na Mang'ula wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye huondoka. Mkulima anabaki na mahindi na asali.

Katika kikundi chetu walikuwamo waliokuja kutembea na waliokuja kukimbia. Hawa wa pili wana saa mkononi zinazowahesabia hatua na mapigo ya moyo, na kila baada ya muda wanaziangalia kama mtu anayengoja basi. Mwongozaji aliwaeleza kwa upole kwamba hapa kundi huenda kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Hawakufurahi. Ningekuwa na mamlaka ningewashauri wakimbie kule chini, barabarani, kando ya miwa, alfajiri kabla ya jua. Kukimbia juu ya jani lililolowa na jiwe lenye ukoga ni kumtafutia mwenzio kazi ya kukubeba, na kumbeba mtu mzima kwa machela katika mteremko ule ni kazi ya watu sita kwa nusu siku.

Walikuwamo pia waliokuja na spika. Siku hizi spika ni ndogo kama kopo la maziwa, lakini sauti yake ni ya harusi nzima. Tulipanda na muziki ule kwa muda wa robo saa. Kisha mwongozaji akasimama, akaomba iwe imezimwa kwa dakika tano tu, kama jaribio. Ikazimwa. Kwanza ulikuwa ukimya, halafu tukaanza kusikia: ndege fulani upande wa kushoto, kitu kikiruka kutoka tawi hadi tawi, na kwa mbali sana mvumo ambao haukukatika. Tulikuwa tunayasikia maji. Spika haikuwashwa tena mpaka tuliporudi barabarani, na hakuna aliyetoa amri.

Sasa niwaeleze juu ya mnyama mmoja wa njia hii. Katika msitu huu wa Mwanihana, ambamo Sanje inaporomoka, anaishi kima mmoja wa rangi ya kijivu, mwenye mashavu mapana na kishungi utosini, ambaye hupenda kutembea chini akipekua majani. Vitabu vinasema aligunduliwa mwaka 1979. Wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kazini katika milima hii wakasikia mlio ambao hawakuutegemea. Mtu waliyefuatana naye, mwenyeji wa huku, aliwaambia bila kushangaa kwamba huyo ni ng'olaga. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, jina lake walilijua, na ukiwauliza kwa siri labda hata mchuzi wake waliujua. Lakini kwa kuwa hakuwamo kitabuni, dunia ikatangaza kwamba amegunduliwa. Leo anaitwa kwa jina la kijiji, mangabe wa Sanje, na duniani kote haishi mahali pengine ila katika milima hii ya Udzungwa.

Wala hakuwa wa mwisho. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wamepiga kambi huko ndani zaidi waliona miguu ya ndege isiyo ya kawaida ndani ya sufuria ya mchuzi. Ndivyo alivyojulikana kwale wa Udzungwa, ambaye aliandikwa rasmi mwaka 1994, na ambaye ndugu zake wanaofanana naye wako Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 akatangazwa kipunji, kima aliyeonekana kule Rungwe na katika msitu wa Ndundulu hapa Udzungwa. Mwaka 2008 akaandikwa sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu kama mrija, ambaye kwanza alinaswa na kamera zilizofungwa mitini. Mwandishi wa habari wa mjini akichoka kutafuta habari mpya, aende Udzungwa. Kule habari mpya zina manyoya.

Sababu ya maajabu haya si uchawi. Udzungwa ni mwisho wa upande wa kusini wa msururu wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru. Milima hii iko karibu na bahari, inapata unyevu wa Bahari ya Hindi, na kwa muda mrefu sana, muda unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka, imebaki na msitu wakati nchi za tambarare zilizoizunguka zikikauka na kuwa mbuga. Kila mlima ukawa kama kisiwa. Viumbe waliobaki kisiwani hawakuwa na pa kwenda, wakajibadilikia humohumo. Udzungwa ina jambo jingine la ziada: msitu wake waweza kuufuata bila kukatika kutoka bondeni, kwenye mita mia mbili na kitu juu ya bahari, hadi juu ya mita 2,000. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576.

Tulifika kwenye maji mchana. Sanje haianguki kwa mkupuo mmoja. Inateremka kwa ngazi, na zote pamoja ni kiasi cha mita 170. Kwenye ngazi moja kuna kidimbwi ambamo wageni huruhusiwa kuoga, na maji yake, nawaonya, ni ya baridi ya kumfanya mtu ataje jina la mama yake. Ukisogea hadi pale maji yanapokwenda kujitupa, unaliona Bonde la Kilombero lote miguuni pako: miwa, mpunga, mabati ya vijiji, reli, na mto ukimetameta kwa mbali. Watu walipiga picha. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikafikiri juu ya bili ya umeme.

Usicheke, msikilizaji. Maji yale yaliyokuwa yakinirukia usoni yanateremka Kilombero, na Mto Kilombero ndio unaoupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilijengwa litoe megawati 2,115. Upande wa kaskazini wa milima hiihii, pale Kidatu, Mto Ruaha Mkuu unazungusha mitambo ya megawati 204 iliyoanza kazi mwaka 1975. Na upande wa kusini, pale Kihansi, kuna mitambo ya megawati 180. Taa inayokuwezesha kusoma gazeti hili, na redio unayonisikiliza, yaelekea zimepitia mahali fulani kwenye miteremko ya Udzungwa.

Msitu hautengenezi mvua kama kiwanda kinavyotengeneza sabuni. Miti yenyewe hunywa maji, tena mengi. Kazi yake kubwa iko chini. Majani yaliyoanguka na kuoza hufanya godoro, na mizizi huipasua ardhi ikawa na matundu, hata mvua kubwa ikinyesha maji hayateremki yote kwa siku moja kama yafanyavyo kwenye kilima kilichonyolewa. Yanazama, yanakaa, yanatoka polepole. Ndiyo sababu Sanje hutiririka hata katika miezi ya kiangazi, wakati mito mingi ya tambarare imebaki mchanga. Na usidhani hilo ni la Kilombero peke yake. Mto Ruvu, unaotupa sisi wa Dar es Salaam maji ya bomba, unaanzia Uluguru, katika msururu huohuo wa milima. Mnakumbuka Oktoba mwaka 2022, Ruvu ulipopungua tukagawiwa maji kwa zamu, na ndoo zikapanda bei kama dhahabu. Siku zile hata wale wasiojua Uluguru iko wapi waliitaja.

Nimekwisha kuitaja Kihansi, siwezi kuipita bila kuwataja wale vyura. Wengi wetu tuliwajua kwa mzaha, tukiulizana ni vyura gani hao wanaosafiri kwa ndege kwenda Marekani wakati sisi tunanyimwa viza. Lakini kisa chao ni cha maporomoko, nacho kina uzito. Chini ya maporomoko ya Kihansi palikuwa na eneo dogo lililoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maji yaangukayo. Katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi ukucha wa kidole gumba kwa mengi, ambaye hatagi mayai bali huzaa. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umekwisha kuanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kupelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakakoma, na vyura wapatao mia tano wakapelekwa Marekani kutunzwa. Pakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kama ya bustani. Mwaka 2003 waliobaki wakafa kwa wingi, ugonjwa wa ukungu ukiwa umo miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawako tena. Mwaka 2010 baadhi ya wazawa wao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

Mimi si katika wale wasemao afadhali tungekaa gizani. Umeme wa Kihansi tuliuhitaji, na tuliutumia. Ninachosema ni kwamba gharama ya kumrudisha chura mmoja nyumbani kwake, ukihesabu ndege, wataalamu, mabomba na miaka, ni funzo la hesabu kwa yeyote anayedhani maporomoko ni maji tu yanayopotea bure.

Sasa twende kwenye lile lililonifanya nichague mada hii. Tulipoteremka, tulipumzika chini ya mwembe kijijini, na mama mmoja alikuwa akiuza ndizi na maandazi. Tulimwamkia, akatuitikia vizuri, tukanunua. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akamwambia ana bahati kuishi karibu na msitu mzuri namna ile. Mama akacheka. Akasema yeye msitu ule aliuingia mara nyingi kuliko sisi sote, tena bila raba, kwenda kuokota kuni, na kwamba sasa ana miaka mingi hajauingia.

Alikuwa anasema kweli. Hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji waliachiwa kuingia kwa siku maalumu katika juma kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa. Wahifadhi walikuwa na hoja, na hoja zao si za kupuuzwa. Bonde lilikuwa limejaa watu, maana miwa na mpunga vimewavuta watu wa kila kabila juu ya Wandamba na Wapogoro waliokuwako. Kuni kavu hazikutosha, na palipokwisha kavu panga lilikata mbichi. Na anayeingia kwa kuni aweza pia kutega mtego. Ule msitu wa chini, karibu na vijiji, ndio hasa wanaoupenda akina ng'olaga na mbega wekundu, na ndio uliokuwa ukichakaa. Mimi ningekuwa mhifadhi, huenda ningefanya vilevile.

Lakini chungu cha yule mama hakikuambiwa kwamba kuna marufuku. Mchana ulipofika kilitaka moto kama jana. Wengine walipanda miti yao, wenye ardhi. Wengine wanachoma pumba za mpunga. Wengine wananunua kuni, na wengine, tusidanganyane, wanaingia usiku na kukimbizana na askari. Mzigo aliokuwa akiuokota bure sasa una bei, na bei hiyo hailipwi na anayenywa maji ya Sanje mjini wala anayewasha taa Masaki. Inalipwa na yeye, kwenye maandazi.

Hayo tuliyazungumza ndani ya kosta kwa hisia kubwa. Kijana mmoja mwenye elimu alisema maneno mazuri sana juu ya haki za jamii zinazoishi kando ya hifadhi, nasi tukapiga makofi. Tukafika kwenye barabara kuu, tukaendelea kidogo, na dereva akapunguza mwendo. Kandokando ya barabara yalikuwa yamesimama magunia ya mkaa, yamefungwa vizuri kwa kamba, yamevaa vilemba vya majani. Mkaa wa huku ni nafuu, alisema mmoja. Kosta ikasimama. Ilipoondoka, juu ya paa palikuwa na magunia manne, na moja ni la yule kijana wa haki za jamii.

Kuwatendea haki, mkaa ule haukutoka Sanje. Mkaa wetu mwingi hutoka kwenye miombo, misitu ya nchi kavu, ambayo haina mangabe wala watalii, na labda ndiyo sababu hatuilii. Wala siwalaumu wanaokaanga na kupika kwa mkaa kana kwamba wanafanya dhambi; mtungi wa gesi kuujaza kunahitaji fedha kwa mkupuo, na mkaa waweza kuununua kwa kopo, leo kwa leo, kama tunavyonunua karibu kila kitu. Ndivyo maisha ya mjini yalivyo. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei mwaka 2024, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 kati ya kila 100 wawe wanaitumia. Lengo ni zuri. Lakini nilipokuwa nikitazama kamba za magunia yale zikikazwa, niliona wazi kwamba tumempiga marufuku mwanamke wa Sanje kuokota kijiti kilichoanguka chenyewe, na sisi tuliotoka kuusifia msitu wake tunabeba mti mzima juu ya kichwa cha gari, na kizuizini tunamwachia dereva maelezo.

Waliobaki nyumbani wataniuliza: basi tusiende? Nendeni. Kiingilio mnacholipa ni sehemu ya kinachoifanya hifadhi iwe na walinzi, na kijana wa Sanje anayewaongoza njia hana haja ya kuweka mitego. Lakini nendeni miezi ya ukavu, kuanzia Juni hadi Oktoba; masika njia ile ni sabuni. Mwongozaji akisema maji yamepanda, msivuke, hata kama jua linawaka mlipo, kwa sababu mvua iliyoyapandisha imenyesha juu ambako hamkuoni. Msibebe chakula chote kutoka mjini ndani ya maboksi, kisha maboksi mkayaacha. Wali wa Kilombero unajulikana nchi nzima, na kuula palepale ulikolimwa, umepikwa na mama wa kijijini kwa bei mliyokubaliana, ni jambo ambalo kinywa hakisahau. Fedha hiyo inaingia chungu kilekile nilichokitaja.

Kikundi chetu kinakusudia kwenda tena. Mchango umeanza kukusanywa, na katika kikao cha juma lililopita ilipendekezwa kwamba kila msafiri aongeze kidogo kwa ajili ya miche ya miti ya kuni, ikapandwe na wenye mashamba kijijini, na mweka hazina akauliza, kama kawaida ya waweka hazina wote, ni kiasi gani, nani atakipokea na risiti itatoka wapi. Maswali yake ni ya haki na bado tunayajibu. Jambo moja limekwisha kupita bila kupigiwa kura: dereva ameambiwa kwamba paa la kosta ni la mabegi.